Karani wa Efeso na kelele za saa mbili



Ndugu msomaji, Novemba 2, 2025 iliangukia Jumapili, na kwa Kanisa ilikuwa Siku ya Kuwakumbuka Marehemu Wote. Mnaosali nasi mnaujua utaratibu wa siku hiyo. Waumini huandika majina ya marehemu wao kwenye karatasi, huyatia katika bahasha, nasi huziweka bahasha hizo karibu na altare. Mara nyingi majina ni ya zamani: bibi aliyefariki mwaka 1988, kaka aliyepata ajali, mtoto aliyeishi siku tatu. Asubuhi ile, kabla ya Misa ya kwanza, mama mmoja alinifuata sakristia akanipa karatasi iliyokunjwa mara nne. Ndani lilikuwamo jina moja, la ubatizo na la ukoo, na pembeni yake alama ya kuuliza. Kijana wake alikuwa ametoka nyumbani Jumatano ya Oktoba 29, siku ya uchaguzi, na hakuwa amerudi. Intaneti ilikuwa imezimwa, na mtu anayetafuta habari za mwanawe alikuwa kama mtu anayetafuta njia usiku bila taa. Mama hakujua amwandike kijana wake katika nia za walio hai au katika orodha ya marehemu. Akaniambia, "Baba Paroko, wewe utajua pa kumweka."

Sikujua.

Wiki chache baadaye nilikaa na vijana wa VIWAWA, na mmoja wao akauliza swali ambalo limenifanya niandike tafakari hii. Kwa nini, Padre, zipo nchi ambazo watu wanagombana barabarani kwa sababu ya siasa, matairi yanachomwa na watu wanakufa, na zipo nyingine watu wanapiga kura asubuhi, jioni wanakula ugali wao, kesho yake wanakwenda shambani? Je, kuna mataifa ambayo Mungu aliyaumba na hasira?

Jibu ambalo wengi wetu tumelelewa nalo ni kwamba ndiyo, yapo. Sisi Watanzania ni wapole, wenzetu ni wakali. Mimi mwenyewe nimelihubiri jibu hilo. Januari 2008, jirani zetu wa Kenya walipokuwa wakiuana baada ya uchaguzi, nilisimama mimbarini nikamshukuru Mungu kwamba sisi hatuko kama wao. Watu waliitikia "Amina" kwa nguvu. Nilikuwa nimekaa seminari miaka mingi, nimeifundisha Injili ya Luka kwa makatekista, na bado sikusikia kwamba ile ilikuwa sala ya Farisayo neno kwa neno.

Basi tuliache jibu hilo kwanza tulichunguze, tena mbali na nyumbani, ambako hatuna cha kutetea. Twende Afrika Magharibi, kwa majirani wawili, Ghana na Ivory Coast. Waakan wako pande zote mbili za mpaka. Wote ni wakulima wa kakao, na ndio wazalishaji wakubwa wa zao hilo duniani. Kama tabia ya amani au ya fujo ingekuwa katika damu, nchi hizi mbili zingefanana kama pacha.

Ungeuliza mwaka 1980 ni ipi kati ya hizo mbili itakayokuwa na amani, hakuna ambaye angesita kuitaja Ivory Coast. Chini ya Félix Houphouët-Boigny, aliyetawala tangu uhuru mwaka 1960, nchi ilisifiwa kwa utulivu na fedha. Ghana ilikuwa imeshapinduliwa mwaka 1966, 1972, 1978 na 1979, na Juni ya mwaka huo wa 1979 wakuu wa nchi watatu wa zamani walipigwa risasi. Mapinduzi mengine yalikuwa yanakuja mwishoni mwa 1981. Houphouët-Boigny, Mkatoliki mwenzetu, alijenga katika kijiji alikozaliwa, Yamoussoukro, basilika kubwa kupita kiasi, na Mtakatifu Yohane Paulo II akaliweka wakfu Septemba 10, 1990. Linaitwa Basilika la Bikira Maria wa Amani. Nimeliona kwenye picha tu, na sitaficha kwamba lilinifanya nijiulize ni maparokia mangapi ya vijijini yangepata bati kwa gharama ile.

Mzee alifariki Desemba 1993. Amani ya nchi ile ilikuwa imekaa kwake yeye binafsi, katika kugawa kwake na kujua kwake nani apewe nini. Warithi wake wakaanza kubishana nani ni raia wa kweli na nani ni mgeni, na watu wa kaskazini wakaambiwa kwamba si wenyeji halisi. Vita vikaanza mwaka 2002. Mwaka 2010, baada ya duru ya pili ya uchaguzi ya Novemba 28, tume ilimtangaza Alassane Ouattara, Baraza la Katiba likaibadili hesabu na kumpa ushindi Laurent Gbagbo, na siku moja, Desemba 4, nchi ikawa na marais wawili walioapishwa. Watu wapatao 3,000 walikufa kabla ya mambo kutulia.

Ghana, ile ya mapinduzi, ilifanya nini? Ilianza kuhesabu kura mbele ya watu. Kura za kila kituo zinahesabiwa palepale kituoni, mawakala wa vyama wanatia saini fomu na kubaki na nakala, na redio zinayatangaza matokeo ya kila sehemu kadiri yanavyopatikana, hata kabla tume haijatamka neno. Mwaka 2008 John Atta Mills alimshinda Nana Akufo-Addo kwa kura kama 40,000 tu kati ya milioni tisa. Chama kilichokuwa madarakani kilishindwa kwa uzi huo mwembamba, kikaondoka. Mwaka 2012 Akufo-Addo akashindwa tena, akaenda Mahakama ya Juu. Kesi ilionyeshwa moja kwa moja kwenye televisheni, taifa zima likawa linajua fomu moja moja. Agosti 29, 2013 majaji wakaikataa. Akasema hakubaliani nao lakini anaipokea hukumu, akampigia simu mshindani wake. Desemba 2024 Mahamudu Bawumia, makamu wa rais, alikiri kushindwa asubuhi ya pili yake, kabla ya tume kutangaza. Na wana Baraza la Amani la Taifa, ambamo wanakaa Wakristo, Waislamu na watu wa dini za jadi. Kardinali Peter Turkson aliwahi kuliongoza. Ghana si mbinguni. Mwaka 2020 watu kadhaa waliuawa wakati wa uchaguzi. Lakini huwezi kusema tena kwamba ni suala la damu, maana damu ni ileile ya mwaka 1979.

Sasa tufungue Matendo ya Mitume, sura ya 19. Paulo yuko Efeso, na mahubiri yake yameharibu biashara ya mafundi wa fedha wanaotengeneza visanamu vya hekalu la Artemi. Demetrio, kiongozi wao, anawakusanya. Anaanza na suala la mapato, kisha, kama wanasiasa wa nyakati zote, analivisha suala la mapato vazi la dini na heshima ya mji. Mji unachafuka. Watu wanakimbilia kwenye uwanja wa maonyesho, ambao magofu yake yapo hadi leo nchini Uturuki, wanapiga kelele muda wa saa mbili. Luka, ambaye naamini alikuwa na ucheshi, anaongeza kwamba wengi wao hawakujua hata kwa nini wamekusanyika.

Anayeutuliza mji si Paulo. Hata wanafunzi wake wamemzuia asiingie. Ni karani wa mji, mpagani, mtu wa ofisi. Na hawaambii wenzake kwamba Waefeso ni watu wapole tangu enzi za mababu. Hawaambii wamwogope Mungu. Anawaambia kwamba kama Demetrio na mafundi wenzake wana shitaka na mtu, siku za mahakama zipo na maliwali wapo, wakashitakiane. Na kama wana jambo lingine, upo mkutano halali wa raia utakaoliamua. Anawaonya kwamba fujo ile inaweza kuwafikisha wao wenyewe mashitakani. Kisha anaufunga mkutano, na watu wanakwenda nyumbani.

Nimelisoma somo hili mara nyingi bila kuona kitu kilicho wazi kabisa. Karani aliweza kusema vile kwa sababu yalikuwa kweli. Mahakama ilikuwapo. Fikiria kama liwali angekuwa shemeji wa mmoja wa wagombanao, na mji mzima unajua. Fikiria kama sheria ingesema kwamba shitaka la namna ile halipokelewi. Karani angesimama na kutamka maneno yaleyale, kwa sauti ileile nzuri, na angerushiwa mawe.

Nasema hivi kwa sababu Katiba yetu, Ibara ya 41(7), inasema kwamba Tume ikishamtangaza Rais kuwa amechaguliwa, hakuna mahakama yoyote itakayokuwa na mamlaka ya kuuchunguza uchaguzi huo. Mbunge unaweza kumpinga mahakamani. Diwani unaweza. Rais huwezi. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu, ambayo haiko mbali bali ipo hapahapa Arusha, iliamua Julai 2020 kwamba ibara hiyo inakiuka Mkataba wa Afrika. Mimi si mwanasheria. Lakini ninapohubiri kwamba wenye malalamiko wafuate sheria, mtu mwenye malalamiko juu ya uchaguzi wa Rais ana haki ya kuniuliza mlango wa sheria uko wapi, nami sina wa kumwonyesha.

Wakenya wamelipitia hili mbele ya macho yetu. Desemba 2007 walipiga kura siku ya 27, matokeo yakatangazwa siku ya 30, na jioni ileile Rais akaapishwa. Wapinzani walipoambiwa waende mahakamani walikataa, wakisema hawawaamini majaji. Siku chache baadaye mwenyekiti wa tume, Samuel Kivuitu, aliwaambia waandishi wa habari kwamba hajui kama kweli Mwai Kibaki alishinda. Tume ya Jaji Johann Kriegler ilipochunguza, ilisema kura zilivurugwa kiasi kwamba haiwezekani kumjua mshindi. Katikati ya kutojua huko walikufa zaidi ya watu 1,100. Januari 1, 2008, huko Kiambaa karibu na Eldoret, kanisa lilichomwa moto likiwa na watu waliokimbilia ndani, wengi wao wanawake na watoto. Hasira ya uchaguzi ilikuwa imekutana na hasira ya zamani ya ardhi, na zote mbili zikakosa pa kwenda.

Kisha wakaandika Katiba mpya mwaka 2010, wakaunda Mahakama ya Juu ambayo hupokea kesi ya urais na kuiamua kwa siku 14. Mwaka 2013 Raila Odinga, mtu yuleyule, na wafuasi walewale, alikwenda mahakamani akashindwa, akaikubali hukumu huku moyo unamuuma. Septemba 1, 2017 mahakama hiyo, chini ya Jaji Mkuu David Maraga, iliufuta uchaguzi wa Rais aliyekuwa madarakani, jambo ambalo Afrika haikuwa imeliona. Mwaka 2022 fomu za matokeo za kila kituo, zaidi ya vituo 46,000, ziliwekwa wazi mtandaoni. Kijana mwenye simu na subira angeweza kujumlisha mwenyewe. Tofauti ya kura ilikuwa ndogo, kesi ikaenda, ikaamuliwa Septemba 5, watu wakarudi kazini. Wakenya hawakubadilishwa damu kati ya 2008 na 2022. Wala hawajapona: watu waliuawa Kisumu na Nairobi mwaka 2017, na Juni 25, 2024 vijana waliingia Bungeni kwa sababu ya muswada wa fedha, wakiona kwamba wabunge waliowachagua hawawasikii.

Wapo watakaosema Kenya ni Kenya. Basi tuangalie nyumba yetu wenyewe. Januari 2001, baada ya uchaguzi wa 2000, damu ilimwagika Zanzibar, na watu wa Pemba wakavuka bahari kukimbilia Shimoni, Kenya. Kisiwa cha amani kilitoa wakimbizi. Novemba 2009 Amani Abeid Karume na Maalim Seif Sharif Hamad walikutana, na Julai 2010 Wazanzibari wakaamua kwa kura ya maoni kwamba chama cha pili nacho kiwemo serikalini, kitoe Makamu wa Kwanza wa Rais. Oktoba ile ile Dk Ali Mohamed Shein alipata asilimia 50.1, Maalim Seif 49.1. Tofauti ya asilimia moja! Kwa historia ya visiwa vile ungetegemea moto. Maalim Seif alipanda jukwaani, akakubali. Kushindwa hakukuwa tena na maana ya kufukuzwa kwenye nyumba ya baba yako. Na mwaka 2015 uchaguzi ulipofutwa kura zikiwa zinahesabiwa, kidonda kilifunguka tena.

Niruhusu nishuke kutoka kwenye marais hadi kwenye kigango, maana somo hili nililifahamu kwanza kule, na aliyekosea nilikuwa mimi.

Miaka kama 20 iliyopita nilikuwa paroko kijijini. Kigango kimoja kilikuwa na uchaguzi wa mwenyekiti. Usidhani ni cheo kidogo. Mwenyekiti alikuwa anashika funguo za ghala la mahindi ya zaka, na bila saini yake hupati barua ya utambulisho ya kubatiza mtoto au kufunga ndoa. Wagombea walikuwa wawili, mmoja wa kitongoji cha juu, mwingine wa bondeni. Mvua ilikuwa inanyesha, kwa hiyo mimi na katekista tulikwenda kuhesabu kura sakristia, tukafunga mlango. Nikatoka, nikatangaza: 61 kwa 58. Kabla sijamaliza, benchi la kwanza lilikuwa limeshapinduliwa. Jumuiya mbili za bondeni zilitoka, zikaanza kusali chini ya mwembe, na kwa miezi mitano hazikukanyaga kanisani.

Nilihubiri utii Jumapili tatu mfululizo. Nilinukuu Mtakatifu Paulo. Mwishowe mzee mmoja, mwalimu mstaafu, alikuja jioni na tochi yake, akakaa, akanywa chai yote kimya, kisha akasema, "Padre, hatumkatai aliyeshinda. Tunaukataa mlango."

Uchaguzi uliofuata tulihesabu chini ya mwembe ule ule, juu ya meza, ubao wa shule ukiwa umeegemezwa kwenye shina. Kila karatasi iliinuliwa, ikasomwa, mtoto wa darasa la sita akapiga mstari kwa chaki. Funguo za ghala tulikuwa tumezitoa kwa mwenyekiti, tukawapa kina mama wa WAWATA, ambao kwa uzoefu wangu mahindi yakiwa mikononi mwao hayapungui. Yule wa bondeni akashindwa tena, safari hii kwa kura nne. Alibishia karatasi moja iliyoharibika, tukaitazama wote, akanyamaza, akampa mwenzake mkono. Na nikiri jambo ambalo sikulisema wakati ule: mpaka leo sijui kama ile hesabu ya 61 kwa 58 ilikuwa sahihi. Tulihesabu mara moja tu, na njaa ilikuwa inauma.

Kuna jambo lingine linalochoma nchi, nalo si hesabu ya kura bali uzito wa mzigo. Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 12, kinaeleza jinsi Israeli ilivyogawanyika. Solomoni alikuwa amejenga sana, kwa jasho la watu wa kaskazini na kazi za shuruti. Alipokufa, watu walikwenda kwa mwanawe Rehoboamu kwa adabu, wakaomba nira ipunguzwe, wakaahidi kumtumikia. Akaomba siku tatu. Wazee wakamshauri awe mtumishi wa watu, aseme nao kwa upole. Vijana aliokua nao wakamshauri awe mkali kuliko baba yake. Mnajua aliwasikiliza akina nani. Kinachonivutia ni zile siku tatu. Watu walingoja. Nchi ilikuwa tulivu, na mwandishi wa habari angeripoti kwamba hali ni shwari. Baada ya jibu, makabila kumi yakaondoka, na mfalme, kwa busara yake, akamtuma akawatulize Adoramu, msimamizi wa kazi za shuruti! Wakampiga mawe akafa.

Utulivu wa namna hiyo tunauchanganya mno na amani. Malawi ilikuwa tulivu karibu miaka 30 chini ya Kamuzu Banda. Watu waliogopa kunong'ona hata kilabuni. Kisha Machi 8, 1992, Jumapili ya kwanza ya Kwaresima, barua ya kichungaji ya maaskofu Wakatoliki ikasomwa makanisani nchi nzima. Ilisema mambo ambayo kila mtu aliyajua: umaskini, hospitali, shule, watu kufungwa bila kesi, raia kunyimwa sauti. Serikali ikaiita barua ya uchochezi. Maaskofu wakahojiwa na polisi, baadhi ya wakubwa wa chama wakazungumzia kuwaua, na Monsinyori John Roche wa Mzuzu akafukuzwa nchini. Wapo waliosema Kanisa linaleta fujo mahali penye amani. Juni 1993 wananchi wakapiga kura ya maoni, wakauchagua mfumo wa vyama vingi. Na mwaka 2020 Wamalawi haohao, baada ya miezi ya maandamano, waliiona mahakama yao ikiufuta uchaguzi wa Rais uliojaa karatasi zilizofutwa wino, wakarudia kura Juni 23, na mpinzani akashinda.

Najua nitaambiwa padre asiingize siasa kanisani. Nimeambiwa hivyo na watu wa vyama vyote, kwa zamu, kulingana na nani aliguswa Jumapili ile. Nitasema basi na vijana, maana nao wana yao. Kuchoma kituo cha mafuta cha mtu ambaye hakuhesabu kura yako si haki. Duka lililovunjwa lilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe alikuwa na mkopo. Amri ya saba haisimamishwi siku ya uchaguzi. Na katika zile kelele za Efeso, Luka ametuambia kwamba wengi hawakujua kwa nini wako pale. Ukijikuta umeshika jiwe, jiulize kama wewe unajua. Hayo nimewaambia VIWAWA uso kwa uso, na hawakufurahi.

Lakini amri ya tano nayo haisimamishwi siku ya uchaguzi. Na hapa tunaohubiri tunapaswa kujitazama. Hesabu ya waliokufa Oktoba ile inatajwa tofauti na kila upande, lakini hakuna anayesema ni sifuri. Kila uchaguzi unapokaribia tunaandaa sala ya kuombea amani, tunaalika viongozi, tunaimba. Sala ni njema. Ila nikizirudia hotuba zangu mwenyewe za miaka 20, naona kwamba maneno "tunzeni amani" nimewaambia karibu kila mara watu wasio na silaha, wasio na tume, wasio na funguo za ghala. Sikumbuki hata mara moja nilipomgeukia mgeni rasmi aliyekaa kiti cha mbele nikamwambia yeye ndiye aitunze. Nabii Yeremia aliwalaumu makuhani wa siku zake kwa kukifunga kidonda cha watu juujuu, wakitangaza amani isiyokuwapo. Nilikuwa nalisoma hilo kama somo juu ya makuhani wa Yerusalemu. Baada ya 2007 Baraza la Makanisa la Kenya lilikiri hadharani kwamba lilishindwa kuikemea hali ile kwa sababu viongozi wake walikuwa wameegemea pande. Machi 2017 Papa Fransisko alimwomba Mungu msamaha kwa dhambi za Kanisa na za watumishi wake katika mauaji ya Rwanda, nchi ambayo Wakatoliki walijaa makanisani. Kukiri kwa namna hiyo kulikuja baada ya makaburi, katika nchi zote mbili.

Kijana wa VIWAWA aliyeuliza swali lile hakuridhika sana na majibu yangu. Aliniambia, "Kwa hiyo Padre unasema sisi si wapole, tulikuwa tunangoja tu." Nilimwambia nadhani watu wetu ni wapole kweli, kama walivyo wapole Wakenya ukiwakuta shambani, na Waivory Coast, na wale wa bondeni waliopindua benchi langu. Na kwamba upole wa watu si mali ya mtu kuutumia apendavyo. Alitikisa kichwa, sikujua kama amekubali au anahurumia uzee wangu.

Ile karatasi imo ndani ya kitabu changu cha sala. Asubuhi ile niliiweka katikati, kati ya bahasha za marehemu na kikapu cha nia za walio hai, na wakati wa Misa nililitaja jina lake mara mbili. Hakuna aliyeuliza kwa nini. Mama yule huja Misa ya kwanza kila Jumapili, hukaa benchi la tatu upande wa sanamu ya Bikira Maria. Wiki iliyopita alikuja na mdogo wake yule kijana, binti ambaye mwaka huu ametimiza miaka 18. Baada ya Misa binti alinisogelea akaniuliza kama kuna haja ya yeye kujiandikisha kupiga kura. Mama alisimama pembeni, kanga ameishika kwa mikono miwili, akimtazama yeye, si mimi. Nilimwomba binti aje Alhamisi jioni tuzungumze bila haraka. Alikuja, na mama yake akaja naye. Tulikaa mpaka giza likaingia, na hatujamaliza.